Mbwa Anapoota Vinundu Ghafla: Namna ya Kusoma Ngozi Kabla ya Kununua Dawa

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mwenye mbwa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa ambaye, asubuhi moja au jioni moja, amemkuta mnyama wake ameota vinundu mwilini na hajui aanzie wapi. Wengi huanza na swali la dawa: nimpake nini, nimchome sindano gani? Sisi tunaohusika na usalama wa dawa tungependa swali hilo liwe la pili. La kwanza ni hili: vinundu hivi vimechukua muda gani kujitokeza? Ni dakika, saa, siku au wiki? Mwenye kuweza kulijibu amekwisha kupunguza nusu ya wasiwasi wake, na mara nyingi ameokoa fedha ambayo ingeliwa na dawa isiyohusika.

Mbwa wengi wa wilaya hizi hawalali sebuleni. Hulala nje, hulinda nyumba, na huenda shambani pamoja na wenyewe kufukuza nyani, tumbili na nguruwe pori wanaoharibu mahindi, karanga na mihogo. Wapo pia wenye mbwa ambao, kwa ajili ya twahara, hujiepusha na mate na unyevu wake. Humlisha na kumtunza vizuri pasipo kumpapasa. Hilo ni jambo la imani ya mtu na si kasoro ya utunzaji. Lina tokeo moja tu la kuzingatia, nalo ni kwamba uvimbe ulioanzia chini ya manyoya huonekana ukiwa umekwisha kukua. Kwa hiyo tunashauri jicho lifanye kazi ya mkono. Mtazame mbwa mara moja kwa juma akiwa amesimama juani, kuanzia kichwani hadi mkiani, na utazame tumbo anapojilaza kwa ubavu. Panapohitajika kushika, glavu za mpira zinapatikana katika maduka ya dawa, nazo humfaa kila mtu, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya ngozi ya mbwa humwambukiza binadamu.

Vinundu vya dakika na saa

Vinundu vinavyojitokeza kwa dakika au saa chache, tena vingi kwa mpigo, aghalabu ni vya mzio, ambao wengi huuita aleji. Mwili umekutana na kitu unachokikataa. Chembe maalumu za kinga zilizoko ngozini humwaga kemikali iitwayo histamini, mishipa midogo ya damu hulegea, majimaji huvuja kutoka katika mishipa hiyo, na ngozi ya mahali pale huinuka. Ndiyo maana kinundu cha mzio ni kipana na laini, hakina usaha, hakina tundu wala kigaga. Kwa mbwa mwenye manyoya mafupi, kama walivyo wengi wa kienyeji, utaona vishungi vya manyoya vimesimama mahali mahali, kana kwamba mtu amemwekea sarafu chini ya ngozi. Macho na midomo huweza kuvimba hadi sura ikabadilika. Dalili nyingine ya kukitambulisha kinundu cha namna hii ni kuhamahama: asubuhi kilikuwa ubavuni, adhuhuri kimetoweka na kingine kimejitokeza pajani. Mara nyingi vyote huisha ndani ya siku moja, hata bila dawa.

Visababishi vyake katika maeneo yetu si vigumu kuvikisia. Nyuki, nyigu na mavu ndio wa kwanza, hasa kwa mbwa kijana anayependa kunusa kila shimo. Siafu hutoka kwa wingi wakati wa mvua. Majimoto hukaa mwaka mzima katika mikorosho na miembe, na wapo wakulima wanaowaacha kwa makusudi kwa sababu huwala wadudu wanaofyonza machipukizi ya korosho. Mbwa anayelala chini ya mti huo ndiye anayelipa gharama. Chakula kigeni, dawa mpya na chanjo navyo huweza kuleta mzio. Mbwa huweza kukila kitu kilekile kwa miezi bila tatizo, kisha siku moja mwili ukakikataa.

Upupu unastahili kutajwa peke yake. Mvua zinapokwisha na maganda yake yakakauka, vinyweleo vyake hupeperuka na kushika manyoya ya mbwa anayepita vichakani. Mwasho wake ni mkali na ngozi huvimba mapele, lakini kiini chake ni vinyweleo vyenyewe kuchoma ngozi, wala si chakula wala ugonjwa. Usimsugue, kwa kuwa kusugua huvizamisha zaidi na kuvihamishia mikononi mwako. Vaa glavu, bandika na kubandua utepe wa gundi kama selotepu mahali vinapoonekana, kisha mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka. Mashuka na magunia anayolalia yaoshwe pia, la sivyo mwasho utarudi usiku.

Kwa mzio mwepesi huduma ya kwanza ni ndogo. Mwondoe mbwa mahali pa wadudu. Kama kuna mwiba wa nyuki, utoe mara moja. Wahi ndilo jambo, kwa maana mwiba huendelea kusukuma sumu baada ya nyuki kwenda, na haidhuru ukiutoa kwa kucha au kwa kuukwangua. Mwekee kitambaa kilicholowa maji baridi. Andika saa vinundu vilipoanza, na kama una simu yenye kamera, piga picha. Daktari wa mifugo atakayemwona kesho huenda asikute chochote, na picha hiyo itakuwa ushahidi wake.

Wakati wa kutongoja

Watu wengi wanajua kwamba mzio mkali huziba pumzi. Kwa mbwa ipo njia ya pili, nayo ndiyo inayowapotosha wenye wanyama: tumbo. Ini na utumbo wa mbwa huathirika mapema mzio unapokuwa mkali, hivyo mbwa aliyeumwa na nyuki akaanza kutapika na kuhara ghafla, pengine kwa damu, hajala kitu kibaya. Mzio umeingia ndani, na shinikizo la damu linaweza kuwa linashuka. Katika hali hiyo mwenye mbwa husema, "Acha atapike, sumu itoke." Tunamsihi asiseme hivyo.

Kipimo rahisi kiko mdomoni. Inua mdomo wa juu, utazame ufizi. Wa mbwa mzima wa afya huwa wa waridi, isipokuwa pale ulipo mweusi kwa asili. Ubonyeze kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha uachie. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ukibaki mweupe au wa kijivu, damu haifiki inakotakiwa. Hesabu pia pumzi. Mbwa mzima aliyetulia hupumua mara 10 hadi 30 kwa dakika. Hapa pana tahadhari: katika joto la Novemba kila mbwa wa Nachingwea atahema ulimi nje, na huko ni kujipoza tu. Kinachotisha ni pumzi yenye mlio, shingo iliyonyooshwa mbele kutafuta hewa, kuyumba, au kuanguka.

Dalili yoyote kati ya hizo ikiambatana na vinundu au uvimbe wa uso ni safari ya saa hiyo hiyo. Mpigie simu mtaalamu kabla ya kuondoka, ili ajue unakuja na ajiandae. Kutoka vijiji vya pembezoni, pengine mtakutana njiani. Mbebe mbwa akiwa amelala kwa ubavu. Usimfunge mdomo kwa kamba, hata kama ni mkali, maana mbwa aliyevimba uso anapumua kwa taabu tayari na anaweza kutapika. Usimlazimishe kunywa maji, maziwa wala mafuta. Tiba ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini na maji ya mshipani, na vyote viwili viko mikononi mwa mtaalamu. Vidonge vya mzio vya nyumbani havifanyi kazi upesi kiasi hicho. Mbwa aliyeshambuliwa na kundi la nyuki akaumwa mara nyingi apelekwe hata kama anaonekana mzima, kwa sababu wingi wa sumu huweza kudhuru figo na damu baadaye.

Uvimbe mmoja tu, unaouma sana na kukua huku ukiutazama, hasa usoni au mguuni mbele, usihesabiwe kuwa mzio mpaka nyoka amefikiriwa. Kifutu hujilaza tuli katika nyasi na majani makavu, na mbwa humgusa kwa pua. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usibandike jiwe la nyoka. Mtulize, mbebe asitembee, mpeleke.

Vinundu baada ya chanjo

Tumelitenga jambo hili kwa sababu madhara ya kulielewa vibaya hayamwishii mbwa. Baadhi ya mbwa, baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa, huvimba kidogo pale sindano ilipoingia, na kinundu hicho kigumu huweza kukaa hata wiki chache kabla ya kuyeyuka. Wachache huvimba uso na kuota mapele ya mzio katika saa za mwanzo. Mwenye mbwa anayeona hayo huhitimisha kwamba chanjo ni sumu, huwaeleza majirani, na kampeni ya mwaka unaofuata hukuta mbwa wamefichwa.

Pande zote mbili za mizani zitazamwe. Kinundu cha chanjo huisha. Mzio wa chanjo hutibika, nao ni nadra. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa mnyama au kwa binadamu, karibu kila mara huishia katika kifo, na takriban visa vyote vya binadamu duniani, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa. Ili ugonjwa huu uache kuzunguka katika eneo, inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Mikoa ya kusini mashariki mwa Tanzania, Lindi ikiwamo, ilikuwa sehemu ya mradi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010 wa kuonyesha kwamba kuchanja mbwa kwa wingi huokoa watu. Kila mbwa anayefichwa kwa sababu ya kinundu cha sindano hupunguza kinga ya kijiji kizima.

Linalofaa ni kubaki kituoni nusu saa baada ya chanjo, mahali penye kivuli, huku ukimtazama. Akiota mapele, mwoneshe mchanjaji pale pale. Hali hiyo iandikwe katika kadi ya chanjo, na mwaka ujao mtaalamu aambiwe kabla ya sindano. Zipo njia za kumchanja kwa tahadhari mbwa wa namna hiyo. Kinundu kinachoendelea kukua baada ya mwezi, au kinachozidi miezi mitatu, kichunguzwe.

Vinundu vya siku

Kinundu kilichokua kwa siku kadhaa mara nyingi kina kitu ndani yake, na kazi ya mwenye mbwa ni kukitambua kitu hicho.

Kupe ndiye mdanganyifu mkubwa. Aliyeshiba damu huwa duara, wa kijivu, laini kama punje ya kunde iliyolowekwa, na wapo waliokwisha kumpaka mafuta ya jipu wakidhani ni jipu. Tazama kwa karibu pale kinapokutana na ngozi. Ukiona miguu, umepata jibu. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute kwa unyoofu na taratibu. Kumchoma kwa sigara au kummwagia mafuta ya taa kunamuunguza mbwa, na kupe anayesumbuliwa huweza kutema zaidi ndani ya jeraha. Kivimbe kidogo kitabaki mahali pake kwa siku chache, nacho si kosa.

Kinundu chenye tundu dogo katikati linalotoa majimaji, nawe ukitazama kwa subira ukaona kitu kinatikisika ndani, ni buu la nzi. Nzi huyu hutaga katika mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo na katika nguo mbichi zilizoanikwa chini. Ndiye huyo huyo anayewasumbua watoto wachanga, na sababu mojawapo ya bibi zetu kusisitiza nguo zipigwe pasi. Kwa mbwa hupendelea tumbo, miguu na korodani, yaani sehemu zinazogusa mchanga. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya mgando ili buu likose hewa, subiri kama nusu saa, kisha bonyeza polepole kutoka pande mbili hadi litoke zima. Likigoma, rudia kupaka. Usilipasue ndani, kwa kuwa mabaki yake huleta uchungu na mzio. Baada ya hapo badilisha mchanga wa mahali anapolala, au uufagie na kuuacha upigwe na jua. Pasipo hivyo utakuwa mtu wa kubonyeza kila juma.

Funza wa miguuni hujulikana na kila mtu, ila kwa mbwa hutazamwa mara chache. Mbwa anayelambalamba vidole na kuchechemea aangaliwe katikati ya vidole na nyayoni. Kama kuna funza kwa mbwa, vidole vya watoto wa nyumba ile navyo viangaliwe siku hiyo hiyo.

Jipu hutokana na jeraha dogo lililoziba juu, mara nyingi la meno ya mbwa mwingine. Lina joto, linauma, mbwa hupoa na kukataa chakula. Kabla ya kulishughulikia, jiulize ni mbwa gani aliyemng'ata. Kama ni mbwa asiyejulikana, au aliyekuwa na tabia ngeni, usilishike jeraha kwa mikono mitupu na umjulishe afisa mifugo siku hiyo hiyo. Binadamu aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate ya mbwa huyo penye mchubuko, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Mapele madogo mengi, yenye vigaga, yanayoanzia ncha za masikio, viwiko na visigino, na mwasho usiompa mbwa usingizi, ni upele unaoletwa na utitiri wachimbao ngozi. Humwambukiza mbwa jirani, na humwasha binadamu kwa muda. Upo upele mwingine wa watoto wa mbwa, unaonyonyoa manyoya kuzunguka macho na mdomo bila mwasho mkali. Huo hauambukizi, na tiba yake si ile ile. Mtaalamu hukwangua ngozi kidogo na kutazama kwa hadubini. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na bila ya hicho dawa inayonunuliwa ni ya kubahatisha.

Tuongeze moja, kwa kuwa wafugaji huuliza. Ugonjwa wa mapele ngozi wa ng'ombe hauhamii kwa mbwa. Mbwa wa boma lenye ng'ombe wagonjwa akiota vinundu, sababu yake itafutwe kwingine.

Vinundu vya wiki na miezi

Hapa tutapita haraka, kwa kuwa ghafla yake mara nyingi ni ya jicho tu: uvimbe ulikuwapo, umeonekana leo. Chunjua za mdomoni kwa mbwa kijana hutisha kwa sura, lakini huondoka zenyewe kwa miezi michache. Uvimbe laini wa mafuta kwa mbwa mzee, unaoteleza chini ya ngozi, aghalabu hauna hatari. Nyama nyekundu kama ua la kabichi katika sehemu za siri, inayodondosha damu, ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana. Inasikika vibaya, lakini ni miongoni mwa saratani za mbwa zinazotibika vizuri kwa sindano za kila wiki.

Uvimbe mmoja unaopanda na kushuka, leo umevimba na keshokutwa umenywea, hudhaniwa kuwa mzio. Ipo saratani ya ngozi yenye tabia hiyo hasa, kwa sababu chembe zake hubeba histamini ile ile. Mzio huhama. Uvimbe unaorudi mahali pale pale mara ya pili na ya tatu upimwe.

Dawa iliyo karibu si dawa inayofaa

Katika msimu wa korosho, stoo nyingi za Nachingwea na Ruangwa huwa na salfa ya kupuliza dhidi ya ubwiri unga, na viuatilifu vya mbu wa mikorosho. Mbwa anapojikuna mlangoni, mkono huenda kwenye kilicho karibu. Kuhusu salfa kuna ukweli unaochanganya: madaktari wa mifugo wamekuwa wakitumia marhamu ya salfa kwa upele tangu zamani. Marhamu hiyo ina kiasi kidogo kilichopimwa, kikachanganywa na mafuta. Vumbi la mikorosho limetengenezwa kwa ajili ya majani. Huchoma macho, hukausha na kuchubua ngozi, na mbwa hulilamba lote alilopakwa. Mbwa anayelala chini ya mikorosho wakati wa kupuliza huweza kuota wekundu na mapele kwa sababu hiyo hiyo, na tiba yake ni kuoshwa na kuhamishwa.

Kiuatilifu cha shambani ni hatari zaidi. Vingi hupita ngozini. Mbwa aliyemwagiwa huanza kutoa mate mengi, kutetemeka, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kisha degedege. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo isichukuliwe kuwa ni ya mbwa kwa kuongeza maji. Amitrazi hutumika kwa upele wa mbwa kwa kipimo maalumu, lakini ikizidi humlaza na kupunguza mapigo ya moyo, na watoto wa mbwa hawaihimili. Aivamektini ya sindano ya ng'ombe imetengenezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo. Tone lililozidi kwa mbwa wa kilo 12 ni jambo kubwa, na baadhi ya mbwa wa koo za kizungu wa kuchungia, kama koli, hudhurika kwa kiasi ambacho wengine hawakihisi. Oili chafu ya gari haina tiba yoyote ndani yake. Huunguza ngozi, na ikilambwa hudhuru tumbo na mapafu.

Kutoka kabati la binadamu, diklofenaki na ibuprofeni zisimfikie mbwa kabisa. Hutoboa tumbo na kuharibu figo. Parasetamoli nayo asipewe kwa kukisia, na paka asipewe hata kipande. Dawa za mzio za binadamu ndizo zinazoulizwa sana. Baadhi yake madaktari wa mifugo huzitumia kwa mbwa, lakini kwa kipimo cha uzito wake, na kwa sharti kwamba kidonge hicho hakina dawa nyingine ndani. Vidonge vingi vya mafua huchanganya dawa ya mzio na ya kuzibua pua, na hiyo ya pili humpeleka moyo mbwa mbio kwa hatari. Piga simu, msomee mtaalamu maandishi ya paketi, ndipo utoe.

Jambo la mwisho kuhusu sindano. Muuzaji anayemchoma antibayotiki kila mbwa mwenye vinundu, oksitetrasaikilini au penisilini, anauza kitu kisichoweza kusaidia mzio, kupe wala utitiri. Vinundu vya mzio vitaondoka kesho yake, kama ambavyo vingeondoka bila sindano, na sifa itaiendea sindano. Gharama yake huonekana baadaye, vimelea vinapozoea dawa na jipu la kweli likakosa tiba. Una haki ya kuuliza: sindano hii inatibu nini, na umejuaje kwamba ndicho alicho nacho?

Unaponunua

Dawa za mifugo husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kusini iko Mtwara. Wanaotoa huduma ya tiba kwa wanyama husajiliwa au kuorodheshwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Mtu anayekuja na begi la sindano akakataa kuonyesha cheti chake amekwisha kukujibu.

Soma lebo mbele ya muuzaji. Iwe na jina la dawa, mnyama anayekusudiwa, kiasi kwa uzito, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji, kwa lugha unayoielewa. Kama mbwa hakutajwa miongoni mwa wanyama, dawa hiyo isitumike ila kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Usikubali dawa iliyopimiwa katika chupa ya soda au ya maji. Hata kama ni halali ilipotoka kiwandani, haina tena maandishi ya kukulinda, na mtoto mwenye kiu haulizi. Chanjo na baadhi ya sindano huhitaji ubaridi, basi tazama kama zimetoka kwenye jokofu au kwenye rafu ya dirishani. Dai risiti. Bila risiti, malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya neno la muuzaji.

Mbwa akidhurika baada ya dawa, usitupe chupa. Ihifadhi pamoja na boksi lake, andika siku, saa, kiasi alichopewa na kilichotokea, kisha utoe taarifa kwa afisa mifugo wa kata au kwa ofisi ya kanda. Taarifa moja huonekana ndogo. Zikifika tatu kuhusu toleo moja la dawa, wakaguzi wana mahali pa kuanzia. Mbwa akifa ghafla na sababu haijulikani, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania anaweza kupokea sampuli kupitia mtaalamu wa wilaya, mradi mzoga haujaoza, hivyo simu ipigwe ndani ya saa chache. Namba ya afisa mifugo wa kata yako, na ya jirani mwenye pikipiki, ziandikwe leo nyuma ya kadi ya chanjo ya mbwa.